Bakteria wa Udongo na Mizizi ya Nafaka

REHEMA: Kaka Juma, wasikilizaji wetu wengi wanajua kwamba maharage huota vinundu mizizini, na kwamba bakteria wa jamii ya Rhizobium waliomo humo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kwa nini mahindi, ngano na mpunga vilikosa bahati hiyo?

JUMA: Tofauti iko kwenye kinundu chenyewe, dada Rehema. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, naitrojenasi, huharibika kikiguswa na oksijeni, nacho kinundu ni chumba kinachokikinga, huku mmea ukiwalisha wapangaji wake sukari. Bakteria wanaoandamana na nafaka, mfano wa Azospirillum, hawana chumba. Huishi juu ya mzizi au katika nafasi zilizo kati ya seli zake, wakila kinachovuja, na naitrojeni wanayoutolea mmea kwa kawaida ni kidogo ikilinganishwa na mahitaji yake.

REHEMA: Lakini katika miaka ya 1970 Johanna Döbereiner, aliyefanya utafiti wake nchini Brazili, aliamsha matumaini makubwa kuhusu bakteria haohao. Je, yalikuwa matumaini ya bure?

JUMA: Hayakuwa ya bure, ila faida kubwa ilionekana upande mwingine. Azospirillum hutengeneza oksini, homoni ileile ambayo mmea huitumia kuongoza ukuaji wake, na mche unaoipata kwa kiasi kinachofaa huongeza mizizi ya pembeni na vinyweleo, hivyo hufikia maji na virutubisho ambavyo vingepotea bila kuguswa. Ndiyo maana mimi husita kuwaita bakteria hawa mbolea; wanaipanua midomo ya mmea, hawaleti chakula chote. Wapo pia baadhi ya Bacillus na Pseudomonas, ambao hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyoshikwa na kalsiamu udongoni.

REHEMA: Basi mkulima asiachane na mbolea ya dukani.

JUMA: Asiachane nayo. Hata Brazili, ambako bakteria wa Azospirillum wa kupaka kwenye mbegu walianza kuuzwa mwaka 2009, lengo katika mahindi ni kupunguza sehemu ya mbolea ya naitrojeni, wala si kuiondoa.

REHEMA: Na kwa nini mkulima mmoja asifu, na jirani yake aseme ametupa fedha?

JUMA: Mara nyingi bakteria huwa wamekufa kabla ya kufika shambani, kwa joto, kwa jua, au kwa dawa ya ukungu iliyopakwa kwenye mbegu hiyohiyo. Bacillus huvumilia zaidi kwa sababu hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi. Walio hai nao hukuta wenyeji wa udongo wakigombea chakula hichohicho. Tena kuzidisha dozi si dawa, kwani oksini ikizidi hufupisha mizizi badala ya kuirefusha.

REHEMA: Atajuaje kama wamefanya kazi?

JUMA: Apande kwanza mistari michache kwa mbegu isiyopakwa, ndipo apande iliyopakwa katika shamba lilelile, kisha baada ya wiki chache alinganishe mizizi ya pande zote mbili. Ila asiing'oe miche kwa mkono: aichimbue pamoja na bonge la udongo na kuiosha taratibu, kwa kuwa mizizi myembamba anayoitafuta ndiyo hukatika kwanza.