Namba kwenye mchoro inaanzia wapi? Mazungumzo na waundaji wa injini ndogo, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nimeambiwa humu ndani wamo wanafunzi wa ufundi, wamo mafundi wa kukereza vyuma kutoka mtaa wa Gerezani, na wamo wazee wangu waliostaafu wanaounda injini za mvuke kwa kujifurahisha tu. Nitasema na wote kwa mpigo, mtanivumilia.

Hapa mjini tumezoea namba ambazo ni majina tu. Nenda Kariakoo uombe bomba la chuma la nusu inchi, utapewa bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 21.3. Nusu inchi ni milimita 12.7. Muuzaji hajakuibia, ndivyo bomba lile linavyoitwa dunia nzima. Mchoro wa mashine hauendi hivyo. Kila namba mle ina mishale, na mishale inakuonyesha kipimo kinaanzia wapi na kinakomea wapi. Wengi wetu tunasoma namba, mishale tunaipita.

Tazameni huu mchoro ubaoni. Ni injini ndogo ya mvuke, mvuke unasukuma pistoni kutoka pande zote mbili. Urefu wa silinda umeandikwa 32, yaani milimita, kama namba zote zinazofuata. Mifuniko ni miwili, na kila mmoja una ukingo unaozama milimita 2 ndani ya silinda. Pistoni ina unene wa 6. Kwenye krenki, ule mkono unaozungusha shafti (mhimili wa injini), kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya pini, imeandikwa 10. Kwa kawaida namba hizi utazikuta kwenye karatasi tofauti, na hakuna karatasi itakayokuambia kwamba zinategemeana. Kazi hiyo ni yako.

Haya, tupige hesabu. Toa kingo mbili kwenye 32, inabaki 28. Toa unene wa pistoni, inabaki 22. Sasa ile 10 ya krenki: hiyo ni nusu ya mwendo. Pini ikizunguka nusu duara, pistoni inatembea 20. Kwa hiyo zinabaki milimita 2, moja juu na moja chini. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo. Aliyeisoma 10 kama mwendo mzima ataunda injini inayopoteza mvuke, na aliyesahau kingo za mifuniko atadhani ana nafasi ya kutosha.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hubishana. Konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ikizidi urefu kwa nusu milimita, mwendo wa pistoni unaongezeka? Hauongezeki. Unabaki ule ule 20, ila wote umesogea upande mmoja. Juu utabakiwa na 0.5 na chini 1.5. Izidi kwa 1.2 na pistoni itagonga mfuniko kila mzunguko. Ndiyo maana konrodi hupimwa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, wala si kutoka ncha hadi ncha. Ncha za nje unaweza kuzipiga tupa upendavyo, injini haitajua.

Mashimo ya bolti nayo yana hila yake. Mchoro ukionyesha mashimo sita kwenye mstari, kila moja milimita 15 kutoka kwa jirani yake, na tolaransi, yaani kosa linaloruhusiwa, ni 0.2 kila upande, makosa yanarithishana. Ukifika la sita umepita nafasi tano, na kwa bahati mbaya kabisa umepotoka milimita nzima. Mchoraji mzuri hupima yote kutoka ukingo mmoja: 15, 30, 45, na kuendelea. Akikupa hivyo, usijirahisishie kazi kwa kuhamisha kalipa, kile kipimio cha mataya, kutoka shimo hadi shimo. Rudi kwenye ukingo ule ule kila mara.

Kuhusu tolaransi, mtakutana na herufi zinazotaja mipaka ya kipimo. Tundu la 10 H7 linaruhusiwa kuwa kati ya 10.000 na 10.015. Shafti ya 10 g6 iwe kati ya 9.986 na 9.995. Ona kwamba shafti haifiki 10 hata siku moja. Kijana akiitengeneza 10.00 barabara kisha akajisifu, amekosea mchoro.

Na joto letu hili! Vipimo vya michoro vinahesabiwa kwa nyuzi joto 20. Karakana ya Dar mwezi wa pili ina 32 bila aibu. Pistoni ya alumini ya milimita 20 inavimba hapo karibu 0.005. Hayo ni madogo, lakini ukiipima ikiwa imetoka sasa hivi kwenye mashine, bado inachoma vidole, utaikereza kupita kiasi kisha kesho asubuhi uikute imelegea. Iache ipoe, unywe chai.

Haraka haraka: michoro ya Marekani huweka picha ya kifaa kikitazamwa kutoka kulia upande wa kulia, ya Ulaya mara nyingi huuweka kushoto. Tafuta ile alama ya koni iliyokatwa ncha, inayokuambia ni mpangilio upi, kabla hujatoboa njia za mvuke upande usio wake. Na usipime mchoro kwa rula. Duka la steshenari wakikuchapia A3 kwenye A4, kila mstari umebaki asilimia 71, namba peke yake ndiyo haikupungua.

Mwisho ni inchi, maana michoro mingi ya zamani ya Uingereza imejaa inchi. Shafti ya 3/8 ni milimita 9.525, na mjini utapata kirahisi ya 10. Tumia 10, sawa, ila fuata kila kinachoigusa: tundu la beringi, tundu la flaiwili (gurudumu zito la injini), tundu la krenki. Kisha angalia pembeni ya tundu umebakiza chuma kiasi gani. Tundu limepanuka 0.475, karibu 0.24 kila upande, na mahali pembamba hiyo ni nyingi.

Kwenye meza ile nimeweka silinda tatu na pistoni tatu zilizochanganywa, na maikromita mbili, vile vipimio vya vipimo vidogo sana. Wazee watangulie. Nataka kusikia ipi inaingia kwa nani kabla hamjajaribu kuichomeka.