Mshono ni wa Nani?

ZAI: Karibuni tena. Leo Baraka kaja na daftari: mambo matano kuhusu haute couture, ule ushonaji wa kifahari wa Paris, kuanzia enzi za mbunifu Worth mpaka za Saint Laurent.

BARAKA: Na nimeyapanga kwa miaka. Ila kwa sura uliyokuja nayo, dada Zai, sidhani kama tutafika.

ZAI: Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu. Naingia ukumbini, nakuta mtu kavaa mshono wangu. Mkono, mgongo, mpaka mkato wa kiunoni! Tofauti kitenge tu.

BARAKA: Fundi mmoja?

ZAI: Huyo huyo. Nampigia simu, ananijibu, "Dada, mshono wako umependwa."

BARAKA: (anacheka) Basi kesi yako inaanzia kwa Worth. Charles Frederick Worth, Mwingereza, alifungua duka mtaa wa rue de la Paix, Paris, mwaka 1858 na mwenzake Msweden, Otto Bobergh. Kabla yake, mwanamke tajiri wa Paris alifanya kama wewe: ananunua kitambaa, anampelekea fundi, anamwambia nataka hivi na hivi. Worth akageuza kibao. Anabuni yeye, wasichana wanaivaa mishono mbele yako, unachagua, ndipo anakukatia kwa vipimo vyako. Hata Eugénie, mke wa Napoleon III, alikuwa mteja wake. Na jina la Worth likawa linashonwa ndani ya gauni.

ZAI: Sawa, lakini Worth alibuni. Wangu hakubuni hata kifungo, nilimpelekea mimi.

BARAKA: Ulichora?

ZAI: Nilimwonyesha picha. Mbili. Mkono wa hii, mgongo wa ile.

BARAKA: Na wenye picha uliwalipa?

ZAI: Jambo la pili, kaka.

BARAKA: La pili ni mbunifu Poiret na koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno. Namruka, nakupeleka kwa Madeleine Vionnet, maana huyo ni mwenzako. Alianza kushona akiwa mtoto, akafungua nyumba yake ya mitindo mwaka 1912. Ndiye aliyejulikana kwa kukata kitambaa mshazari, kikamwagika mwilini chenyewe. Waigaji wakamwandama. Akafanya nini? Kila mshono akaupiga picha mbele, nyuma na ubavuni, ukawekwa kwenye albamu kama ushahidi. Na kwenye lebo akaweka alama ya kidole gumba chake.

ZAI: Subiri. Gauni limesajiliwa kwa alama ya kidole, kama laini ya simu?

BARAKA: Miaka mia moja kabla yako.

ZAI: Kwa hiyo lisilosajiliwa linafungiwa! Yule wa Jumamosi angekatika mtandao katikati ya kwaito.

BARAKA: "Mteja wa gauni unalovaa hapatikani kwa sasa."

ZAI: Na fundi angetakiwa aje na kitambulisho cha taifa! Jamani, nampenda huyu mama. Mwambie mtu wa mitambo aweke makofi.

BARAKA: Tumepoteza dakika ngapi kwa kidole gumba?

ZAI: Hazijapotea. Vionnet yuko upande wangu: kuiga ni wizi.

BARAKA: Coco Chanel, mbunifu mwingine wa Paris, hayuko upande wako. Yeye, hasa uzeeni, aliona kuigwa ndiyo ushahidi kwamba umefanikiwa. Na nyumba za Paris zenyewe ziliuza ruhusa ya kuiga. Wanunuzi kutoka Marekani walilipa kuingia tu kwenye maonyesho, wakanunua mishono, wakaenda kuirudufu New York. Bila waigaji, nani nje ya Paris angezijua nyumba hizo?

ZAI: Umesema walilipa, Baraka. Walilipa! Hapo ndipo tunapoachana. Nani kanilipa mimi?

BARAKA: Na wewe nani umemlipa? Mitindo inaishi kwa kuigwa. Leo ungekuwa na huo mgongo wako kama mwenye picha angeweka kidole?

ZAI: Kuchukua mkono hapa na mgongo pale nikaunganisha, hiyo ni kazi. Kurudufu gauni zima, na vipimo vya kiuno, huo ni uvivu.

BARAKA: Mpaka uko wapi kati ya hivyo viwili? Nionyeshe.

ZAI: Mimi nauona.

BARAKA: Mimi siuoni.

ZAI: Basi vaa miwani.

BARAKA: Wala. Tumebakiwa na dakika mbili na mbunifu Christian Dior hajatajwa. Onyesho lake la kwanza, tarehe 12 Februari 1947, avenue Montaigne 30, Paris: viuno vyembamba, sketi pana zinazomeza kitambaa, wakati vita vimeisha juzi tu na watu bado wanabana matumizi. Mwenye fedha nyuma yake ni Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba.

ZAI: Mwenye pamba! Ndiyo maana sketi ikapanuka.

BARAKA: Hapana, Dior alikuwa na yake kichwani.

ZAI: Na Boussac alikuwa na yake ghalani. Hapo nabisha tena.

BARAKA: Hatuna muda wa kubishana. Saint Laurent na wengine wote, samahanini, daftari linafungwa. Wiki ijayo tuna...

ZAI: Wiki ijayo tunaanza na Boussac.