Joto la Kobe ya Mzee: Nawajibu Wote kwa Pamoja

Ndugu zangu wa nyumbani, wakubwa shikamooni. Niko Uyole kwa wazazi, likizo. Huu mvuke mnaouona ukinitoka mdomoni ni wa saa 12 asubuhi mwezi wa 7 hapa hapa Mbeya, siyo wa Ujerumani. Tangu niweke video ya Volkswagen ya baba, hii tunayoiita Kobe, ikiwa na joto ndani, swali ni lile lile: gari halina rejeta wala maji, sasa joto mmelitoa wapi? Na nyuma yake linafuata jingine: dada unakaa Ulaya, umeshindwa kumnunulia mzee hata IST?

Naanza na hilo la pili kwa sababu limeniuma. Kule Kassel natunza wazee, kwa zamu, na za usiku zimo. Sijawahi kusema nina hela, na sijaja kulalamika pia. Baba ana miaka 74. Kobe hii ya 1972 ndiyo iliyotupeleka shule sote watano, hataki nyingine. Anapanda nayo Isyonje kwenye viazi kabla hakujakucha, na ninyi wa Uporoto ile baridi mnaijua. Kioo kinajaa ukungu, mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unafuta na kitambaa. Nilikaa kiti cha pembeni siku moja, nikaogopa. Ndiyo sababu yangu, hakuna nyingine.

Sasa joto. Kobe ilitoka kiwandani na joto lake. Injini iko nyuma, inapozwa na feni. Feni hiyo hiyo inasukuma hewa kwenye makasha mawili ya bati yanayofunika mabomba ya ekzosi. Hewa inapata moto, inapita ndani ya vizingiti vya milango mpaka miguuni na kwenye kioo cha mbele. Vile vishikio viwili pembeni ya hendibreki ndivyo vinavyoifungulia. Ukikanyaga mafuta mlimani, joto linakuja. Kwenye foleni Mwanjelwa hupati kitu.

Kwa baba, makasha yalioza, fundi mmoja akayatoa akafunga mabomba matupu. Lakini yale matundu mawili kwenye gamba la feni, yanayopeleka hewa kwenye makasha, akayaacha wazi. Miaka yote hiyo hewa ya kupoza silinda imekuwa ikimwagika nje, injini inapata moto, halafu mzee anaambiwa hajui kuendesha! Hilo lilinikera kuliko baridi yenyewe. Kama gari lako halina makasha, ziba yale matundu leo. Kizibo cha bati kinatosha.

Tulijaribu kwanza kahita ka umeme ka kuchomeka kwenye dashibodi. Wati 150. Hilo ni joto la balbu moja na nusu za zamani za wati 100, na linakula zaidi ya ampea 12 wakati dinamo ya baba inatoa 30 ikizunguka vizuri. Washa taa, washa waipa, injini iwe polepole: betri inaisha, na miguu bado ya baridi.

Fundi wa pili akasema tutoboe sakafu, tupitishe bomba la ekzosi chini ya kiti. Nikakataa, akaniambia nimejaa uzungu. Hapana. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni ile ile ya jiko la mkaa. Nilikuwa darasa la 5, nyumba ya tatu kutoka hapa, mama na mwanawe waliingiza jiko chumbani usiku wa baridi kama huu. Asubuhi mlango ulivunjwa. Siwezi kusimulia zaidi.

Basi nikanunua makasha mapya Kassel, euro 430 jozi, karibu shilingi milioni 1 na robo. Kuyafikisha hapa ndiko kulikonitoa machozi. Karatasi ilisema "vifaa vya kupashia joto", ofisi moja ikaelewa ni hita za nyumba. Nikatuma risiti upya, wakataka picha, kisha barua ya kueleza kwamba ni spea ya gari. Wiki 7! Wakala akanidai hela ya kuhifadhi mzigo kwa siku ambazo yeye mwenyewe alichelewesha fomu. Na kuna ndugu niliyempa 200,000 ya kuufuata mzigo, hakuufuata, na mpaka leo hela sijaiona. Nasema kwa uchungu, kwa sababu hizo ni zamu zangu za usiku.

Makasha yakafungwa na gasketi mpya, kumbe vizingiti navyo vimeoza. Joto linaishia nyuma. Hapo ndipo tulipobuni: mpira wa kuhimili joto kutoka tundu la nyuma mpaka chini ya dashibodi, na kafeni ka volti 12 katikati ka kusukuma. Chini ya kiti cha nyuma kuna betri, mpira ukae mbali nayo. Na kabla ya yote tulibadilisha raba za milango, tukaziba matundu ya pedali. Raba hizo peke yake zilipunguza nusu ya mateso.

Jana tumepanda Isyonje, kioo kikavu, baba mikono yote miwili kwenye usukani.

Wewe wa Makambako uliyeuliza kama mpira wa kumwagilia bustani unafaa: haufai, utayeyuka. Mengine siwezi kukuamulia, mimi nimesema ya gari la baba yangu tu. Lako fundi aingie chini akuonyeshe kila kiungo cha ekzosi kwa macho yako. Na hii hapa ni kengele ya kaboni monoksaidi, nimekuja nayo kwenye begi. Gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni inalia ndani ya dakika 3. Jana ilikaa kimya njia nzima. Naiacha kwenye gari, na mama nimeshamwonyesha jinsi ya kuibadilishia betri.