Sukari Imeshuka, Mafuta Je?

(Mhadhara kwa wagonjwa wa kisukari na ndugu zao, Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyie vijana mliowasindikiza wazazi, karibuni sana. Nashukuru tumekutana Novemba hii, kabla mabasi ya Dar es Salaam hayajaanza kushusha watu stendi usiku na mchana. Desemba kwetu ni mwezi wa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mtori, mbege na soda kila nyumba unayoingia, na ukikataa chakula cha mwenyeji anaumia. Aliyegundulika na kisukari mwaka huu anauingia mwezi huo hajui ashike lipi.

Nianze na daftari la kliniki. Mtu ananipa daftari lake, namba za sukari zimepangika vizuri: 6.2, 5.9, 6.8. Zinaridhisha, maana kwa wengi wenu asubuhi kabla ya kula tunataka sukari iwe kati ya 4 na 7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Napekua kutafuta kipimo cha mafuta kwenye damu, sikioni. Nikiuliza naambiwa, "Daktari, mimi naumwa sukari, mafuta ya nini?" Jibu hilo linanisumbua sana. Wenye kisukari wengi wanaondolewa na moyo na mishipa ya damu: mshtuko wa moyo, kiharusi. Mtu anapambana na sukari kwa bidii zote, huku mafuta yanamwandama kimyakimya.

Sukari na mafuta vinaandamanaje? Insulini isipofanya kazi sawasawa, sukari inabaki kwenye damu, na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini nayo yanaachiwa ovyo. Ini linayapokea na kuyarudisha kwenye damu kwa sura ya trigliseridi, aina ya mafuta yanayosafiri kwenye damu. Lehemu, yaani kolesteroli, iko nzuri na mbaya. Ile nzuri, HDL, inapungua. Ile mbaya, LDL, inakuwa chembe ndogondogo zinazopenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa, na ukuta huo sukari imeshauchubua. Inajengeka humo kidogokidogo kama ukoko chini ya sufuria, miaka inapita, na wewe huumwi popote. Sukari ikipanda sana ina dalili zake: kiu, kukojoa kila mara, macho kuingia ukungu. Lehemu haina hata moja. Na msiangalie umbo, tafadhali. Nina wagonjwa wembamba ambao majibu yao ya mafuta yananitisha kuliko ya wanene.

Kwa hiyo ukienda kliniki, omba vipimo viwili vya damu. Cha kwanza ni kile cha A1c, kinachoonyesha sukari yako ilivyokuwa kwa takribani miezi 3 iliyopita, maana chembe nyekundu za damu huishi kiasi cha siku 120 na hubeba sukari iliyozigusa. Hiki hakidanganyiki na mtu aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki. Wengi tunalenga chini ya asilimia 7. Mzee sana au mwenye magonjwa mengine, daktari atamlegezea. Ukiwa na selimundu au upungufu wa damu sema mapema, kipimo hicho kinaweza kupotosha. Cha pili ni mafuta. LDL tunaitaka chini ya 2.6, na kwa aliyekwisha kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, chini ya 1.8 au hata ishuke zaidi ya hapo. Pima na presha siku hiyohiyo.

Sasa twende jikoni, na huko nitakaa.

Ndizi sijawakataza. Ndizi mbichi iliyopikwa ni wanga, kama ugali na wali, na kinachoamua ni kiasi. Ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huo inageuka sukari, ndiyo maana mbivu tatu baada ya chakula zinakupandisha sukari. Mtori ndio unaohitaji akili, kwa sababu una mawili kwenye bakuli moja: ndizi zilizopondwa, zinazoingia kwenye damu haraka kuliko zile za vipande, na mafuta ya nyama yaliyojificha kwenye mchuzi. Fanyeni hivi. Chemsha nyama na mifupa jana yake, acha mchuzi upoe, uingize kwenye friji. Asubuhi utakuta tabaka jeupe limeganda juu. Litoe lote kwa kijiko, liangalie kabla ya kulitupa, maana ndilo ulilokuwa unakunywa. Kisha pika mtori wako na mchuzi uliobaki, pakua bakuli dogo, na pembeni weka mnafu au mchicha wa kutosha. Aliyekula mtori asiongezewe wali juu yake.

Ndafu nayo: kula nyama, acha ngozi na mafuta yake. Maharage, njegere na choroko ni rafiki zenu. Nyuzinyuzi zake zinapunguza kasi ya sukari na zinasaidia kushusha lehemu. Parachichi halina lehemu kabisa, na mafuta yake ni mazuri, ila nusu inatosha. Maandazi na chapati za kila asubuhi, hapo sina lugha laini: ni unga mweupe na mafuta, sukari na lehemu vinapigwa kwa pamoja. Na ukimaliza kula usikimbilie bodaboda. Tembea dakika 10 au 15. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu.

Mbege naisema kwa uzito. Ina sukari ya ndizi na ulezi, na ina kilevi. Kilevi kinalizuia ini lisitengeneze sukari mpya ya kuingiza kwenye damu. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akanywa bila kula, sukari yake inaweza kushuka mno usiku: anatoka jasho, anatetemeka, anaongea asichoeleweka. Ndugu wanasema kalewa, wanamfunika blanketi. Vijana, mnisikilize: mpimeni. Ikiwa chini ya 3.9 na anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, mpimeni tena. Kama hamna mashine, mpeni tu. Akiwa hajitambui msimwagie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kuhusu dawa. Dawa za kushusha lehemu tunaziita statini, na mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40 kwa kawaida anastahili kupewa hata kama LDL yake si ya kutisha. Zilianzia kwa Mjapani Akira Endo, aliyezitafuta kwenye kuvu miaka ya 1970. Nasikia maneno kwamba zinaua ini. Madhara makubwa kwenye ini ni nadra. Kinachowapata baadhi ya watu ni maumivu ya misuli, na ukiyapata rudi tubadilishe, usiache kimyakimya. Mama mwenye mimba au anayeitafuta atuambie kwanza.

Wengi mnaniuliza kuhusu mizizi inayouzwa sokoni. Siwadharau. Metformini, kile kidonge cha sukari mnachomeza, historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uliotumika tangu zamani, ila mmea wenyewe ulikuwa na sumu. Ilibidi wanakemia watengeneze kitu salama zaidi mwaka 1922, na daktari Mfaransa Jean Sterne akaanza kuwapa wagonjwa mwaka 1957. Mzizi wa sokoni haujapimwa hivyo, na kipimo chake hakuna anayekijua. Mwaka 2011 watu wa kanda hii walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha dawa zao baada ya kikombe. Sitaki tuyaone hayo tena.

Mama pale nyuma ameuliza: "Sukari ikikaa sawa, naacha dawa?" Mama yangu, kuna watu kisukari chao cha ukubwani kimetulia bila dawa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha hivyo kwa karibu nusu ya waliopunguzwa uzito kwa mpango maalumu, na hawakuwa wakitumia insulini. Wale dawa zao za sukari zilisimamishwa na madaktari, na wakaendelea kupimwa. Wewe punguza uzito, njoo na daftari, tuamue pamoja. Statini ni suala jingine, hiyo usiisimamishe kwa sababu sukari ni 5.8. Na watoto wako uliokuja nao, wapime leo kabla hawajaondoka. Mashine ipo hapo mezani.