Programu za DOS, Data ya Pamoja na Suala la Kufuli

Ndugu wasikilizaji, mtu anayeifufua programu ya zamani ya DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, katika kompyuta ya leo hudhani kazi imekwisha pindi menyu ya kwanza inapotokea kwenye skrini. Kwa programu ya mtu mmoja, dhana hiyo ina haki yake. Kwa programu ambayo data yake inakaa kwenye seva na kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, menyu hiyo haijathibitisha lolote.

Kwamba programu hizo hukataa kufunguka si ajabu. Kichakataji kinapofanya kazi katika hali ya biti 64, ule uwezo wake uliokuwa ukibeba programu za DOS ndani ya Windows haupatikani, na Windows 11 haina toleo la biti 32 la kukimbilia. Zinabaki njia mbili: kiigizi, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani, kama DOSBox au vDos, au mashine pepe, yaani kompyuta nzima ya kuigwa ndani ya kompyuta halisi, yenye DOS kamili.

Programu nyingi za DOS hazijui anwani ya seva. Zinajua herufi ya diski. Kwa hiyo folda ya seva hupewa herufi, tuseme F, na kiigizi huelekezwa kwenye herufi hiyohiyo, kwa kuwa programu nyingi ziliandikwa zikiwa na njia za mafaili, yaani herufi ya diski na majina ya folda, ndani yake.

Sasa tuje kwenye kufuli. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 1984, DOS ina huduma inayoiwezesha programu kufunga sehemu ya faili ili mwingine asiiguse. Umuhimu wake unaonekana katika faili la DBF, aina ya faili la data lililotumiwa na programu za hifadhidata kama dBASE, Clipper na FoxPro, ambalo huhifadhi idadi ya rekodi zake mwanzoni mwa faili. Kituo, yaani kompyuta ya mtumiaji, kinachoongeza rekodi husoma idadi hiyo, huandika rekodi mpya mwishoni, kisha huongeza moja. Vituo viwili vikifanya hivyo kwa pamoja pasipo kufuli, vyote viwili husoma, kwa mfano, 5,000, na vyote huandika rekodi ya 5,001 mahali palepale. Kimoja hufuta kazi ya kingine, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. DOSBox ya kawaida iliundwa kwa ajili ya michezo, wala hatuwezi kuilaumu kwa hilo, lakini haizifikishi kufuli hizo kwa seva. vDos, iliyokusudiwa programu za kazi, huzifikisha.

Hata kufuli zikifika, Windows yenyewe huweza kutunza sehemu ya faili katika kumbukumbu ya kituo ili kuharakisha kazi, na kituo kikitegemea nakala hiyo iliyopitwa na wakati, ndipo mafaili ya faharasa, yale yanayoonyesha rekodi ipi iko wapi, huharibika. Mimi hupendelea data na kiigizi vikae katika kompyuta moja, watumiaji wakiifikia kwa mbali, kwa kuwa faili halisafiri tena mtandaoni.

Kabla ya kukabidhi mfumo, chukua nakala ya data, fungua rekodi moja kwenye vituo viwili, uihariri kwenye cha kwanza bila kuihifadhi, kisha ujaribu kuihariri kwenye cha pili. Kituo cha pili kikikubali pale ambapo zamani kingekataa, usiwaruhusu watumiaji waingie.