Senta Anaporudi Katikati ya Msimu

Makocha, wachezaji na wapenzi wa mpira wa kikapu, asanteni kwa kufika.

Tarehe 20 Desemba 2023 timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn, ilifungwa na Seton Hall pointi 75 kwa 60. Katika mechi hiyohiyo senta wake, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na ringi, Donovan Clingan, kijana wa futi 7 na inchi 2, yaani karibu sentimita 218, aliumia unyayo wa kulia. Akakosa mechi tano, na timu ikashinda zote tano. Tarehe 17 Januari 2024 akarudi dhidi ya Creighton. Tarehe 8 Aprili UConn ikachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa kuifunga Purdue, tena kwa pointi zilezile 75 kwa 60.

UConn si ngeni kwetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alisimama chini ya ringi ya chuo hicho mpaka 2009, alipochaguliwa wa pili kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kwa hiyo tunazungumzia chuo kinachojua kumtumia mtu mrefu.

Naomba tuziangalie zile mechi tano ilizoshinda bila yeye. Timu inayoshinda mara tano bila senta wake imejifunza kitu. Imebadili mwendo, imebadili nafasi za kusimama, imebadili hata maneno ya kuitana uwanjani. Senta akirudi anakuta nyumba imepangwa upya. Kocha anayedhani anarudisha kipuri mahali pake atashangaa kuona timu inacheza vibaya zaidi ikiwa na mchezaji bora kuliko ilivyocheza bila yeye. Hilo hutokea mara nyingi, na sababu zake zinajulikana.

Tuanze na mwili. Daktari akitoa ruhusa, maana yake jeraha limepona. Pumzi ya mechi ni jambo jingine, na huanza kushuka ndani ya wiki mbili tu za kukaa. Baiskeli ya mazoezi na bwawa la kuogelea husaidia kulinda moyo na mapafu, lakini havimfundishi kano wala mfupa kupokea kilo zaidi ya 120 zinazotua kutoka juu. Kutua ndiko kunakomuumiza mtu mrefu, kuliko kuruka. Ndiyo maana ngazi ya kurudi ipande hivi: kwanza mitupo akiwa amesimama, kisha kukimbia mstari mnyoofu, kisha kuruka na kutua kwa miguu miwili, kisha kugeuka ghafla na kutua kwa mguu mmoja. Baada ya hapo ndipo anaingia kwenye mazoezi ya watano bila wapinzani, halafu watatu kwa watatu wakigusana, mwisho watano kwa watano. Baada ya kila hatua subirini asubuhi ya pili. Akiamka na uvimbe au maumivu zaidi ya jana, anashuka ngazi moja. Usimpe mechi kabla hajamaliza angalau mazoezi mawili kamili ya kugusana, na kati ya hayo mawili pawe na usiku mmoja wa kuona mwili unasemaje.

Kipimo rahisi kisichohitaji mashine: akimbie urefu wa uwanja mara nne, apumzike sekunde 30, arudie mpaka seti sita. Msaidizi ashike saa. Muda wa seti ya sita ukizidi wa ile ya kwanza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, dakika zake za mechi zipungue, hata kama yeye mwenyewe anaapa yuko tayari. Ataapa. Wote huapa.

Na kuna wakati ambapo tarehe sahihi ya kurudi haipo. Mwaka 2014 Joel Embiid, senta Mkameruni aliyekuwa Chuo Kikuu cha Kansas, alipata ufa wa mfupa mgongoni mwishoni mwa msimu. Timu iliingia mashindano ya Machi, yale ya ubingwa wa vyuo, bila yeye na ikatolewa na Stanford. Iliuma, lakini naamini kabisa kwamba kumwacha nje ulikuwa uamuzi sahihi. Mgongo wa kijana wa miaka 20 hauwekwi rehani kwa ajili ya wiki tatu.

Sasa dakika. Hapa mchezo wa vyuo vya Marekani una zawadi ambayo makocha wengi hawaitumii. Mechi ya wanaume ni vipindi viwili vya dakika 20, na katika kila kipindi kuna mapumziko ya televisheni, mpira unaposimama mara ya kwanza baada ya saa kufika dakika 16, 12, 8 na 4. Hivyo mchezo tayari umekatwa vipande vya takriban dakika nne. Mwingize kwenye mapumziko ya 16, mtoe kwenye ya 12. Mwingize kwenye ya 8, mtoe kwenye ya 4. Hizo ni kama dakika nane kwa kipindi, 16 kwa mechi, na kila anapotoka anapata pumziko refu bila kocha kuchoma taimauti yake. Kwa mechi ya kwanza hata 16 ni nyingi kwa aliyekaa nje zaidi ya mwezi. 10 hadi 12 zinatosha. Anayefundisha kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, robo nne za dakika 10, hana mapumziko hayo, hivyo amkabidhi msaidizi mmoja saa na kazi hiyo tu: dakika nne zikitimia, amguse kocha begani.

Hatari ya kukaa benchi ni kupoa. Mtu mrefu hupoa haraka na hupata moto polepole. Weka baiskeli nyuma ya benchi, apige dakika tatu kabla ya kuingia, na misuli ya paja ifunikwe.

Kwa nini vipande vifupi, wakati pumzi ikimruhusu angeweza kwenda saba? Kwa sababu ya faulo. Aliyekosa mwezi mzima huwa amechelewa nusu hatua. Macho yanaona, mguu haujafika, na mkono unaenda kufidia. Hapo filimbi inalia. Chuoni faulo tano zinakutoa, na faulo ya saba ya timu katika kipindi inampa mpinzani mitupo huru: akifunga wa kwanza anapata wa pili, na kuanzia faulo ya kumi anapata miwili moja kwa moja. Senta mwenye uchovu anaweza kuifikisha timu kwenye saba peke yake. Ukiona anashika jezi au anaruka na mikono ikishuka, amechoka, hata kama saa inasema ana dakika mbili tu. Mtoe.

Nije kwenye ulinzi, kwani huko ndiko mlango wa kumrudishia. Senta mbadala wa UConn msimu ule, Samson Johnson, mzaliwa wa Togo, alikuwa mwepesi, aliweza kupanda juu kumkabili mwenye mpira na kurudi. Clingan kazi yake ilikuwa kushuka: mpinzani akitumia skrini, yaani mwenzake kusimama kumzibia mlinzi njia, yeye alirudi nyuma karibu na ringi na kusubiri. Chuoni hakuna kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi, hivyo aliweza kukaa chini ya ringi apendavyo. FIBA nayo haina, ila eneo la ndani lina upana wa mita 4.9 dhidi ya mita 3.66 za chuo, kwa hiyo safari ya kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni ndefu zaidi.

Tatizo halimkabili yeye. Linawakabili wachezaji wa nje. Kwa mwezi mzima wamezoea kwamba skrini ikija, mrefu wetu anatoka kusaidia, nao wana sekunde ya kuvuta pumzi. Sasa mrefu anashuka, na sekunde hiyo imekufa. Inabidi wapite juu ya skrini, wamfukuze mwenye mpira kwa nyuma, na kumsukumia kwa yule anayesubiri. Wakisahau, mpinzani anapata mtupo wa mita tano bila mtu, tena na tena, na watazamaji watasema senta ni mzito. Kosa si lake. Fanyeni piki na roli, yaani kuweka skrini kisha kukimbilia ringini, wawili kwa wawili, dakika kumi kila siku, na mfanye bila yeye kwanza, wachezaji wa nje wajifunze kufukuza, kisha mwingizeni.

Sauti pia. Aliye nyuma ndiye anayeona uwanja wote, lakini timu ilipokuwa bila yeye ilijitengenezea maneno yake. Chagueni maneno matatu tu: la skrini kushoto, la skrini kulia, na la "nimekuona, nipo nyuma yako". Ajifunze ya timu, asiwalazimishe yake. Hili alifanye akiwa bado majeruhi. Kila zoezi, asimame nyuma ya mstari wa mwisho na kuita kila skrini kwa sauti. Mguu haupigi kelele, mdomo unaweza kurudi wiki mbili kabla ya mguu.

Kwenye mashambulizi kosa kubwa ni upendo. Wenzake wamefurahi amerudi, wanataka kumpa mpira. Anajibanza ubavuni mwa eneo la ndani, wanne wanasimama kumtazama, na saa ya sekunde 30 za kushambulia inakula nusu ya uhai wake. Timu iliyokuwa inakimbia imekuwa mnara. Kwa mechi mbili za kwanza, mimi ningefuta kila mpango wa kumpa mpira akiwa ameupa ringi mgongo. Aweke skrini, aelekee ringini, afungue njia, achukue ribaundi, yaani mpira unaorudi mtupo ukikosa. Pointi zake zitoke kwenye mipira iliyokosewa na pasi za juu. Mipango minne au mitano inamtosha, na yote iwe ile ambayo timu iliitumia alipokuwa hayupo, ikihaririwa sehemu yake tu.

Mbona sehemu yake pekee inahitaji kuhaririwa? Kwa sababu skrini yake haifanani na ya mbadala. Johnson aliachia skrini mapema na kukimbia kwenda kudaka pasi juu ya ringi. Clingan alikaa kama nguzo, na mchezeshaji asiposubiri nusu sekunde hupita kabla nguzo haijasimama. Hapo wanagongana, au senta anasogea na kupigiwa faulo ya skrini. Muda huo haurudishwi kwa maelezo ubaoni. Kabla ya mazoezi, kila mchezeshaji apige pasi 50 na senta huyo: 25 za chini anapogeuka, 25 za juu. Mikono ya mpigaji imesahau urefu wa senta. Wiki ya kwanza pasi nyingi zitakuja kifuani, na akishusha mikono kuzidaka mlinzi mfupi atazipora.

Mazoezi yenyewe yana mipaka. Wakati wa masomo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu saa 20 kwa wiki, nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Mechi moja inahesabiwa saa tatu. Wiki ya mechi mbili inabaki na saa 14, zikiwemo za vyuma na za kutazama video. Likizo rasmi ya chuo haina kikomo hicho cha saa. Kama kuna namna yoyote, kazi nzito ya kuunganisha iwekwe hapo, mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari. Ukiingia Februari bado unafundisha pembe za skrini, umechelewa.

Nimemuacha kwa makusudi mtu ambaye hutajwa mwisho, yule mbadala. Ameshinda mechi tano, na sasa dakika zake zinaondoka bila yeye kukosea. Aambiwe kabla, ana kwa ana, kwa namba. Dakika 40 za senta zigawanywe wazi: mechi ya kwanza 28 zake na 12 za aliyerudi, ya tatu 22 kwa 18, ya tano 15 kwa 25. Mbadala ndiye aanze mechi za mwanzo. Kuanza hakuna gharama, na kunampa aliyerudi dakika nne za kusoma mchezo akiwa ameketi. Wawili pamoja msiwajaribu kabla ya mechi ya nne. UConn ilikuwa na Alex Karaban, fowadi anayetupa pointi tatu, na yeye ndiye aliyekuwa anamvuta mlinzi mmoja mbali na Clingan. Ukimweka mrefu wa pili mahali pa mtu kama huyo, umeziba njia ambayo kila mtu anaitumia.

Usimpime aliyerudi kwa pointi, wala kwa tofauti ya pointi za timu mbili akiwa ndani. Dakika 12 hazisemi kitu. Msaidizi mmoja na karatasi ahesabu mambo matatu: skrini zilizomgusa mlinzi kweli, mara ngapi amevuka mstari wa kati kabla ya mpira kurudi upande wetu, na mitupo aliyoipinga bila faulo. La pili ndilo hufa kwanza akichoka. Hili la tatu ndilo lililokuja kuonekana dhidi ya Illinois kwenye robo fainali: UConn ikapata pointi 30 mfululizo bila jibu, na Illinois ikakosa mitupo yote 19 ambayo Clingan aliipinga.

Kuhusu dakika mbili za mwisho, wiki zile za kwanza mbadilishane kila mpira unaposimama: aliyerudi kwa ulinzi, mwepesi kwa mashambulizi. Mpinzani atatafuta wa kumfaulu, na miguu iliyochoka hufupisha mtupo huru. Mitupo yake huru aifanyie mazoezi baada ya mbio, kumi kwa wakati mmoja, na idadi iandikwe. Siku atakapofunga saba katika kumi akiwa anahema, mwacheni amalize mechi.