Waliokwenda na homa ya papasi

NYEMO: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Nyemo, niko na kaka Mazengo hapa Dodoma mjini. Leo tunawakumbuka ndugu zetu waliokufa kwa homa ya papasi, ile homa ya kujirudia inayoletwa na papasi, kupe wa ndani ya nyumba. Lakini kaka, anza na ule ugonjwa wa Lyme uliokuwa unanieleza.

MAZENGO: Asante dada. Lyme ni mji mdogo huko Connecticut, Marekani. Miaka ya 1970 watoto wa eneo lile walivimba magoti, ugonjwa ukapewa jina la mji. Kupe wa porini ndiye anayeueneza. Wengi hupona, ila bakteria wakishika moyo, mtu anaweza kuanguka ghafla. Kati ya Novemba 2012 na Julai 2013, Wamarekani watatu walikufa hivyo, na chanzo kikajulikana baada ya miili kuchunguzwa.

NYEMO: Watatu tu, na kila mmoja akatafutiwa chanzo! Huku kwetu nani alichunguzwa?

MAZENGO: Ndipo panaponiuma. Bakteria wa Lyme na wa homa ya papasi ni ukoo mmoja, Borrelia. Wa kwetu anaitwa Borrelia duttonii, kwa heshima ya Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekufa Kasongo, Kongo, Februari 1905, akiichunguza homa hii hii. Na Willy Burgdorfer, aliyegundua bakteria wa Lyme, alisomea shahada yake ya uzamivu kule Basel kwa kuchunguza papasi wa Afrika. Dutton tunamjua kwa jina. Wagogo wa huku kwetu Dodoma waliozikwa kwa homa hiyo hiyo hawapo hata kwenye daftari.

NYEMO: Mama yangu mdogo alikuwa na mimba kubwa, akiishi ukweni kwenye tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa. Homa ikampanda siku chache, ikaacha, tukashukuru Mungu. Baada ya wiki ikarudi kwa kishindo. Akapewa dawa ya malaria, kisha tena dawa ya malaria. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akafariki siku ile ile. Hata jina hakupewa. Nyumbani mpaka leo husema, "malaria ilimchukua."

MAZENGO: Pole sana dada.

NYEMO: Nimeshapoa kaka, ila nataka huyo mtoto ahesabiwe. Bakteria hawa hupita kwenye kondo la nyuma wakamfikia mtoto tumboni. Akina mama wangapi wa Ugogo walilaumiwa kwa mimba kuharibika?

MAZENGO: Na kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni bakteria hawa kabisa. Inatakiwa damu iwekwe kwenye kioo, iangaliwe kwa hadubini, na ichukuliwe homa ikiwa imepanda. Ikishuka, ni vigumu kuwaona.

NYEMO: Na papasi mwenyewe?

MAZENGO: Anakaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Usiku anatoka, ananyonya muda mfupi, anarudi mafichoni. Asubuhi humkuti. Anaweza kukaa miaka bila damu, kwa hiyo nyumba iliyohamwa si salama.

NYEMO: Tusiitukane tembe lakini. Kwa jua la huku ni nyumba ya akili sana.

MAZENGO: Kweli, na dawa ya kupuliza ipo. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Mvumi, hapa hapa Dodoma: nyumba zilipopuliziwa lambda-cyhalothrin, homa hii ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

NYEMO: Na mtu akishaugua?

MAZENGO: Anatibika. Wengi hupewa tetrasaiklini au doksisaiklini, mjamzito hupewa erithromaisini. Hatari ipo saa chache baada ya dozi ya kwanza: bakteria wanakufa kwa wingi, mgonjwa anatetemeka, homa inapanda, kisha presha inaweza kushuka vibaya. Wapo waliofia hapo, ndugu wakidhani dawa ndiyo iliyoua.

NYEMO: Kwa hiyo akipewa dozi, asiondoke.

MAZENGO: Abaki kituoni alale huko, na mtu wa kumwangalia awepo.